Barua pepe imerudi, pesa haijaingia: jinsi ya kusoma notisi ya kiambatisho kilichokatazwa

Kuna siku pesa haiingii kwenye till yako na tatizo si laini, si mtandao, wala mteja hajakataa kulipa. Invoisi yenyewe haikumfikia. Ilisimamishwa mlangoni na mashine ambayo hujawahi kuiona. Huenda mashine hiyo ilikuandikia kukueleza sababu, lakini wewe barua yake ukaifuta.

Tuseme wewe ni mpishi. Unapika nyumbani Kizingo, na mchana chakula kinaenda kwa ofisi za upande wa mahakama na Treasury Square. Mwisho wa mwezi ofisi moja inadaiwa shilingi 18,600. Mhasibu anakwambia, "Mama, tutumie invoisi kwa imeili, na nambari ya till uiweke humo humo." Unaiandaa kwenye Eksel, unaifunga kwenye zipu yenye paswadi ili watu wasichungulie bei zako, unatuma. Dakika haijaisha, simu inalia. Ni barua ya Kiingereza, imejaa namba, na mtumaji anaitwa MAILER-DAEMON.

Jina hilo peke yake linatosha kumtia mtu wasiwasi, lakini halina pepo ndani yake. Ni neno ambalo mafundi wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, walianza kulitumia miaka ya 1960 kuitia jina programu inayofanya kazi kimya kimya bila mtu kuisimamia. Hapa maana yake ni mpeleka barua wa mashine, basi.

Mwingine akiona barua ile huifuta akidhani ni takataka. Mwingine hushtuka akadhani simu yake imeingia virusi. Na yuko wa tatu, ambaye ndiye hasa tunayemwandikia somo hili: anabonyeza kitufe kilichomo ndani ya barua nyingine inayofanana na hiyo, iliyotoka kwa tapeli, halafu wiki hiyo hiyo pesa za wateja wake zinaanza kwenda kwenye till isiyo yake. Ndiyo maana kampuni ya malipo inajitia kwenye habari za barua pepe.

Safari ya barua

Barua pepe haitoki kwenye simu yako ikaruka moja kwa moja hadi kwa mhasibu. Kwanza inakwenda kwenye seva ya kampuni inayokuwekea barua, tuseme Gmail. Seva hiyo inaitafuta seva ya ofisi unayoiandikia, inabisha hodi, na mazungumzo yanaanza. Hata kama ofisi iko mwendo wa dakika tano kutoka kwako, barua inaweza kutoka nje ya nchi ikarudi. Kebo za chini ya bahari zilizotua Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, zimefanya safari hiyo iwe nyepesi kiasi kwamba huwezi kuihisi.

Seva huzungumza kwa utaratibu uitwao SMTP, ambao uliandikwa mwaka 1982 na kwa msingi wake haujabadilika sana. Mgeni anajitambulisha, anasema barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kisha anaikabidhi. Mwenyeji hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, imepokewa. 250 ndiyo "haya, sawa". Ikianza na 4, njoo baadaye, na seva yako itajaribu tena yenyewe bila kukusumbua. Ikianza na 5, imekataliwa, na usiilete tena ikiwa vile vile ilivyo.

Shika hiyo 5, tutairudia.

Kazi mbili za askari

Ukiingia jengo kubwa lolote mjini, askari hukagua mkoba wako. Ukimtazama vizuri utaona anafanya kazi mbili. Ya kwanza, anapekua kuona kama umebeba kitu kibaya. Ya pili, ana orodha ya vitu visivyoingia hata vikiwa safi: ukija na jerikeni la petroli, hata kama ni la jenereta ya bosi mwenyewe wa jengo, linabaki nje. Hapo hakushuku wewe. Anashuku jerikeni.

Seva ya barua hufanya kazi hizo hizo mbili, na watu huzichanganya. Kupekua ndiko kunakoitwa kuskani virusi. Orodha ndiyo ya viambatisho vilivyokatazwa. Notisi zake si moja, na maana zake kwako si moja.

Tuanze na kuskani. Kiambatisho chako husafiri kikiwa kimegeuzwa maandishi matupu, kwa sababu barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi tu. Kugeuzwa huko huongeza uzito kwa kama thuluthi moja, na hiyo ndiyo sababu picha za megabaiti 20 zinaweza kugonga ukomo wa Gmail wa megabaiti 25. Seva ya ofisi ikipokea, huyarudisha maandishi yale kuwa faili. Ikiwa ni zipu, huifungua. Ndani ya zipu kukiwa na zipu nyingine, nayo hufunguliwa, mpaka kiasi fulani tu. Ukomo huo umewekwa kwa sababu kuna watu walitengeneza zipu za mtego: moja maarufu, 42.zip, ina kilobaiti 42 tu, lakini ukiifungua yote hadi mwisho inavimba hadi petabaiti 4.5, na hakuna seva ya ofisi yenye nafasi hiyo.

Kisha faili hupitishwa kwenye programu ya kukamata virusi. Moja inayotumika sana kwenye seva za barua ni ClamAV, ya bure, iliyoanza 2002 na sasa iko chini ya kampuni ya Cisco. Kazi yake kubwa ni kulinganisha: ina daftari la alama za virusi vinavyojulikana, na kila faili inayopita inaangaliwa kama ina alama mojawapo. Daftari hilo lazima lisasishwe kila mara. Kirusi kilichotengenezwa asubuhi hii kinaweza kupita kabla alama yake haijaandikwa, na hapo ndipo orodha ya vilivyokatazwa inapohitajika. Orodha haingoji kujua kama faili ni mbaya. Inauliza tu: hii ni aina gani ya kitu?

Na aina haitazamwi kwa jina tu. Hapa wengi hukosea, wakidhani ukibadilisha "app.apk" ikawa "app.pdf" itapita. Faili ina alama zake mwanzoni kabisa. Programu ya Windows huanza na herufi MZ. PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. Zipu huanza na PK, ambazo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeibuni. Programu ya simu ya Android, yaani APK, kwa undani ni zipu iliyovaa nguo nyingine. Hati ya kisasa ya Word pia ni zipu. Seva inasoma alama hizo na kuchungulia ndani, halafu inajua ni nani ni nani, hata uibatize jina gani.

Kwenye orodha ya Gmail utakuta .exe, .bat, .vbs, .jar, .msi na .apk. Mwezi Februari 2017 iliongeza .js. Ukizifunga ndani ya zipu, bado zinaonekana. Ofisi za watu binafsi zinaweza kuwa na orodha kali kuliko hiyo: nyingine hazitaki zipu yoyote yenye paswadi, kwa sababu askari hawezi kupekua mkoba uliofungwa kwa kufuli.

Kumbuka invoisi yetu ya 18,600 ilivyofungwa.

Kwa nini kufuli linatiliwa shaka

Mwanzoni mwa 2004 alitokea mnyoo wa kompyuta anayeitwa Bagle. Waliomtengeneza walijua seva zinapekua zipu, basi wakamfunga kwa paswadi na kuandika paswadi hiyo ndani ya barua yenyewe: fungua kwa namba hii. Mashine haikujua kuisoma, binadamu alijua. Walipoona seva zimejifunza kusoma namba hizo kwenye maandishi, wakazichora kama picha. Tangu hapo, barua yenye faili iliyofungwa pamoja na paswadi yake kando imekuwa na harufu mbaya kwa kila anayesimamia seva.

Sasa utauliza, mbona taarifa ya miamala ya pesa za simu, ile unayoomba itumwe kwa barua pepe, nayo huja kama PDF iliyofungwa? Ni kweli, na ni vizuri iwe hivyo, maana ndani yake mna miezi mizima ya maisha yako: ulimlipa nani, ulikopa wapi, nauli yako ya kila siku. Tofauti iko hapa: nambari ya kuifungua haiandikwi ndani ya barua ile ile. Huja kwa njia nyingine, kama meseji kwenye laini yako, au ni kitu unachokijua wewe mwenyewe. Barua inayokuletea kufuli na ufunguo kwa mkono mmoja haikulindi wewe. Inajificha kwa askari.

Ukimtumia afisa wa mkopo au wakili taarifa yako ikiwa imefungwa, usishangae seva yake ikiizuia. Usijaribu kuizungushia zipu nyingine. Mpigie simu, umuulize ofisi yao inapokea vipi.

Nani huambiwa, nani haambiwi

Hapa pana historia kidogo, na bila hiyo utashindwa kuelewa ule ukimya.

Tarehe 4 Mei 2000 barua ya "ILOVEYOU" ilianza kuenea duniani kutoka Ufilipino. Kiambatisho chake kilijifanya barua ya mapenzi ya maandishi matupu, lakini mwisho wa jina palikuwa na .vbs, ambayo kompyuta nyingi za Windows zilikuwa zikiificha. Mtu akifungua, mnyoo anajituma kwa kila aliye kwenye orodha yake ya anwani. Baada ya pale wasimamizi wengi wakaanza kukataza aina nzima za faili badala ya kungoja kirusi kwa kirusi.

Siku zile seva ikikamata kitu, ilimwandikia mtumaji kwa adabu: barua yako ilikuwa na virusi. Ilionekana ni uungwana. Halafu wakaja Sobig.F, Agosti 2003, na Mydoom, Januari 2004. Hawa walighushi jina la mtumaji. Waliingia kwenye kompyuta ya mtu, wakachota anwani zilizokuwamo, wakaandika barua zao kwa majina ya hao. Seva zikawaandikia watu ambao hawakutuma chochote, zikiwatuhumu kuwa wametuma virusi. Notisi zenyewe zikawa kero ya pili juu ya mnyoo.

Ndipo desturi ikabadilika. Siku hizi seva iliyotengenezwa vizuri haimwandikii tena mtu anayedaiwa kuwa mtumaji baada ya kukamata kirusi. Inafanya moja kati ya mambo mawili. Inakataa barua hapo hapo mlangoni kwa namba ya 5, na kazi ya kukuarifu inabaki kwa seva yako wewe, inayokujua kweli. Au inaipokea, inaiweka karantini, na haimwambii mtu, isipokuwa pengine msimamizi wa ofisi ile.

Kwa kiambatisho kilichokatazwa tu, ambacho hakikuonekana na kirusi, mara nyingi mtumaji huambiwa, kwa sababu huenda ni mtu mwema aliyebeba jerikeni. Kwa kirusi kilichothibitishwa, mara nyingi kimya.

Kwa hiyo, kwako unayengoja pesa: ukimya si jibu. Hauna maana kwamba barua imefika, na hauna maana kwamba mteja anakukwepa. Kabla hujamtumia mhasibu meseji ya hasira, mwombe atazame folda ya Spam, na amuulize mtu wao wa kompyuta kama kuna kitu karantini. Ugomvi mwingi kati ya mfanyabiashara na mteja wake ungekwisha kwa simu ya dakika mbili.

Kusoma notisi yenyewe

Usiisome kuanzia juu, utachoka. Tafuta vitu vitatu.

Kwanza, ilikuwa inakwenda kwa nani. Anwani itakuwamo. Ikiwa ni mtu uliyemwandikia kweli, dakika zile, na faili ile, notisi ina msingi. Ikiwa ni mtu humjui na hukutuma kitu, kuna uwezekano tapeli ametumia jina lako kama walivyofanya Mydoom, au ameingia kwenye akaunti yako. Fungua folda ya zilizotumwa. Ukikuta barua usizoziandika, badilisha paswadi sasa hivi, usingoje jioni, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Pili, namba. Baada ya namba kubwa, kama 550, 552 au 554, kuna namba ndogo yenye nukta. Ikisema 5.1.1, anwani haipo. Huenda umekosea herufi. 5.2.2, sanduku la mwenzako limejaa. 5.3.4, barua ni nzito mno. Ikianza na 5.7, ni habari ya usalama au sheria za ofisi ile, na hapo ndipo somo letu lilipo.

Tatu, neno. Kwenye seva nyingi zinazotumia programu ya Amavis, utaona BANNED au INFECTED. Ya kwanza ni orodha: aina ya faili hairuhusiwi. Ya pili ni kirusi: alama imeonekana. Ukiona BANNED, badilisha namna ya kutuma. Ukiona INFECTED kwa faili uliyotuma kweli, shughulika na kifaa ulichoitengenezea, hasa kama ilitoka kwenye kompyuta ya saiba au flashi diski inayozunguka mikononi mwa watu.

Invoisi yetu basi: iandike upya kama PDF ya kawaida, bila zipu, bila paswadi. Bei za pilau na biriani si siri ya serikali. Itapita.

Kuna kisa cha karibu zaidi ambacho kila Mkenya mwenye PIN ya KRA anaweza kukutana nacho. Fomu ya Eksel ya ritani za iTax hufanya kazi kwa makro, yaani programu ndogo zilizofichwa ndani ya karatasi ya hesabu. Bila kuziruhusu, fomu haikaguliki wala haitoi ile zipu ya kupakia kwenye mfumo. Sasa makro ndizo zilizombeba Melissa, kirusi kilichosumbua dunia Machi 1999, na hadi leo seva nyingi haziziamini. Microsoft yenyewe ilianza 2022 kuzizuia kwenye faili zilizotoka intaneti. Matokeo yake, mtu anaandaliwa ritani na rafiki, rafiki anamtumia fomu kwa barua pepe ya ofisi, fomu inakwama, na tarehe 30 Juni haingoji. Usiizungushe fomu hiyo kwa barua pepe. Ipakue wewe mwenyewe kutoka iTax na uijaze kwenye kompyuta ile ile utakayopakilia. Na ukiletewa Eksel "ya KRA" kwenye barua usiyoitarajia, ikikuomba uruhusu makro, iache.

Notisi ya uongo

Matapeli wanajua kwamba notisi hizi zinatisha na hazieleweki. Basi wanaandika za kwao. "Barua 4 zimezuiliwa kwenye seva yako. Bonyeza hapa kuzifungulia." Nyingine hutaja pesa moja kwa moja: risiti ya malipo imezuiwa kwa sababu ya virusi, ingia uithibitishe. Ukibonyeza, unafika ukurasa unaofanana na wa kuingilia barua pepe yako, unaandika paswadi, na umeshawapa.

Watu hudharau wizi wa paswadi ya barua pepe kwa sababu haujatoa shilingi. Tazama kilichomo humo. Mna taarifa zako za miamala. Mna kopi ya kitambulisho uliyomtumia mwenye nyumba. Mna invoisi zako zote za nyuma, pamoja na majina ya wanaokulipa na tarehe wanazolipa. Tapeli mvumilivu haharibu kitu. Anasoma. Siku ya kulipwa inapokaribia, anamwandikia mhasibu kutoka kwenye akaunti yako halisi: "Till yetu imebadilika, tumia hii." Hakuna kirusi kwenye barua hiyo, hakuna kiambatisho, na askari wa seva hana la kusimamisha.

Notisi ya kweli ya kukataliwa hukuarifu tu. Inataja faili uliyoituma wewe, na haikudai kitu. Haikuombi paswadi, haikuombi PIN ya pesa, haikuombi ada ya kukomboa barua. Seva ya barua haina habari na PIN yako na haitakaa iwe nayo.

Kuna jambo moja la kutatanisha, na si haki tulifiche. Baadhi ya ofisi zina mfumo halali unaomtumia mfanyakazi orodha ya barua zilizowekwa karantini, na ndani yake kuna linki ya kuzifungulia. Ukifanya kazi ofisi ya namna hiyo, usitumie linki. Fungua ukurasa wa karantini kwa njia yako mwenyewe, au mwambie mtu wa kompyuta. Ikiwa barua ipo kweli, utaikuta huko. Wewe mwenye Gmail ya kawaida kwenye simu huna orodha ya aina hiyo, kwa hiyo ukiletewa, ni ya uongo.

Upande wa malipo, kinga ni ya kizamani na inafanya kazi. Mteja wako akiona nambari ya till imebadilika, akupigie kwenye nambari aliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyo kwenye barua. Wewe ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si lile unalolijua, simama. Na mkiwa mmeshapatwa, piga kwanza huduma kwa wateja ili muamala ufuatiliwe, kisha polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 iliweka kwa ulaghai wa kunasa taarifa za watu faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kituo cha taifa cha kushughulikia matukio haya, KE-CIRT, kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, nacho hupokea ripoti. Usifute barua ya tapeli kabla ya kuripoti. Hizo namba zilizojaa humo ndizo nyayo zake.

Mlango usio na askari

Tumesema APK haipiti Gmail. Matapeli nao wanalijua hilo, kwa hiyo wanaileta kwa WhatsApp. Jumbe za WhatsApp zimefungwa tangu 2016 kutoka simu hadi simu, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma kilichomo. Ni kinga nzuri ya faragha yako, lakini maana yake pia ni kwamba hakuna seva katikati inayopekua faili iliyo ndani ya ujumbe. Faili ikitumwa kwenye grupu la wapangaji, la chama au la mahafali wa shule, inakufikia kama ilivyotoka.

APK ya tapeli huvaa jina la mkopo wa haraka, mwaliko wa harusi, au "sasisho" la programu ya pesa. Ukiiweka kwenye simu, itaomba ruhusa ya kusoma meseji. Ukiipa, kila nambari ya siri ya mara moja inayoingia kwenye laini yako inasomwa na mtu mwingine, pamoja na ile ya kufungulia taarifa yako na ile ya kubadilisha paswadi ya barua pepe.

Hapo askari ni wewe. Kwenye Android, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya kuweka programu kutoka vyanzo visivyojulikana, na uhakikishe WhatsApp, kivinjari na programu ya barua pepe zote zimenyimwa ruhusa hiyo. Kisha pitia orodha ya programu zenye ruhusa ya meseji. Ukikuta tochi, kikokotoo au mkopo usioukumbuka humo, iondoe ruhusa kwanza, halafu iondoe kwenye simu, halafu badilisha PIN yako ya pesa.